Shangazi, niwaendee na shamiseni watu waliopoteza nyumba?

*Barua za wasomaji, na majibu ya Shangazi kutoka Sendai*

Shikamoo Shangazi. Nasoma chuo Kanazawa, mwaka wa tatu. Niko kwenye klabu ya minyo, nyimbo za kienyeji za Kijapani, na napiga shamiseni, ala ya nyuzi tatu, huu ni mwaka wangu wa pili. Mwezi uliopita tulikwenda Wajima, mji wa rasi ya Noto, kwenye nyumba za muda za watu waliopoteza makazi katika tetemeko la tarehe 1 Januari 2024. Tulipiga nyimbo sita katika chumba cha mikutano. Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa shule ambao kila mtu hapa anaujua, wa kukumbuka kijiji. Katikati yake bibi mmoja wa mstari wa mbele aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kusema neno. Wenzangu waliendelea. Mimi vidole viliniganda. Tangu siku hiyo najiuliza: mtu amepoteza nyumba na jamaa, wewe unamwendea na nyimbo? Si ni kumtonesha kidonda? Wametualika tena wakati wa Obon, siku za kuwakumbuka wafu, na sijui kama niende.
*Mpiga shamiseni, Kanazawa*

Marahaba mwanangu. Nenda. Nenda Obon hiyohiyo waliyowaalika. Ila msiende kama mlivyokwenda mara ya kwanza.

Tuanze na bibi. Wimbo ule ulitungwa 1914 kwa ajili ya watoto wa shule. Unataja mlima ambako mtu alikimbiza sungura utotoni, mto alikovua samaki, wazazi aliowaacha, na siku atakayorudi nyumbani. Kwa anayeishi Tokyo na kijiji chake kipo salama, ni wimbo mtamu. Kwa mtu wa Wajima, mlima uliporomoka ukafunga barabara. Mto ulifurika Septemba 2024, maji yakaingia hadi ndani ya nyumba za muda ambazo watu walikuwa ndio kwanza wamezizoea. Nyumba ya kurudia haipo. Wapo watakaoulilia wimbo huo na kushusha pumzi. Wapo ambao hawawezi kukaa nao chumba kimoja, na huwezi kuwatambua kwa kuwatazama usoni. Bibi alikuwa na haki yake ya kutoka. Kinachoniuma ni kwamba nyote mlikuwa mmeshika vyombo, hakukuwa na mtu wa kutoka naye akasimama karibu yake. Safari hii wawili kati yenu wasipige kitu. Wakae nyuma, karibu na mlango, na birika la chai.

Sasa nikusimulie nilikojifunzia haya. Nilikuwa nimeishi Sendai miaka mingi tayari ardhi ilipotikisika tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, na tsunami ikafuata. Mwisho wa Aprili mwalimu wangu wa minyo, mama wa miaka 74 wakati huo, alinichukua tukaenda Ishinomaki, mji wa pwani, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja ambamo familia zilikuwa zimelala sakafuni tangu siku ile, zimetenganishwa kwa vipande vya maboksi. Tulikuta kundi jingine limetangulia, limetoka mji mkubwa. Walikuwa na spika, kamera, na mavazi mazuri kabisa. Kiongozi wao aliwaambia watu wapige makofi, na watu walipiga. Wakaimbiwa, wakashukuru, wakapigwa picha. Kundi lilipoondoka, baba mmoja aliyekuwa anakunja blanketi aliniambia kwa sauti ya chini, "Tumechoka kusema asante." Sijawahi kuisahau sauti ile. Tangu Machi alikuwa anainama na kushukuru kila siku: kwa maji, kwa mkate, kwa soksi, na sasa kwa nyimbo.

Mwalimu wangu hakupanga jukwaa. Alikwenda pembeni ambako wazee walikuwa wanakunywa chai, akapiga magoti, akaweka shamiseni mapajani bila kuigusa, akanywa chai yao. Baada ya muda akawauliza: ule wimbo wa wavuvi wa kuvuta makasia, huku kwenu mnauimbaje? Akaimba mstari mmoja jinsi unavyoimbwa jukwaani Sendai. Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Hapana, hapo sisi tunavuta." Akauvuta. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini mikono iliinuka yenyewe ikashika kasia ambalo halikuwepo, na wawili walioketi karibu naye wakaitikia, *enya totto, enya totto*, mwendo wa makasia. Mwalimu aliweka kando ile bachi, kipande kipana cha kupigia nyuzi, akapiga kwa ncha za vidole tu ili sauti isimzidi mzee. Alimfuata nyuma, kama mtu anayetembea na mkubwa wake. Watoto walisogea. Mzee akawarekebisha na wao namna ya kuinama wakati wa kuvuta. Haikufika nusu saa. Alipomaliza akaanza kuzungumzia mashua yake, mara ya kwanza, alisema binti yake, tangu maji yalipoichukua.

Siku ile hakuna aliyetuambia asante. Mzee alituambia turudi tukajifunze vizuri.

Hilo ndilo ninalotaka ulielewe kabla ya Obon. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkienda na nyimbo sita zilizokwisha kupangwa, mmewageuza wao kuwa wageni ndani ya chumba chao, wanakaa tu na kupokea. Mwenyeji hawezi kupona akiwa amekalishwa kiti cha mgeni. Mwacheni afundishe, asahihishe, akemee hata.

Sanaa zile ni zao, mwanangu. Mwanafunzi wa chuo husahau hilo kwa sababu amezipata kwenye klabu. Minamisanriku, mji mwingine wa pwani, maji ya tsunami yalipokwisha kuondoka, watu walichokora vifusi wakaokota ngoma na vichwa vya kulungu wanavyovaa katika ngoma ya shishi-odori, wakavisafisha tope, wakacheza. Hawa walikuwa watu wasio na nyumba. Ukitaka kujua kwa nini walihangaika na ngoma kabla ya mambo mengine, kumbuka kwamba shishi-odori huchezewa wafu. Wafu walikuwa wengi, wengine hawajaonekana, na ngoma ilikuwa njia pekee waliyoijua ya kuwasemesha.

Halafu iko Ukedo, katika mji wa Namie, mkoa wa Fukushima. Kijiji cha pwani. Kila Februari watoto walikuwa wanacheza ngoma ya kupanda mpunga mbele ya hekalu lao, kuomba mavuno na samaki. Tsunami ilikifagia kijiji, kisha mionzi ya kinu cha nyuklia ikawakataza hata kurudi kutafuta maiti. Familia zilitawanyika. Kiangazi cha mwaka uleule wa 2011 watoto wakacheza tena, mbali na kwao, na waliendelea mwaka baada ya mwaka. Fikiria maana ya mazoezi: mama anamleta binti kwa gari kutoka mji mmoja, mwingine kutoka mji mwingine, na pale mlangoni wanakutana majirani ambao hawana tena mtaa wa kukutania. Wakati watoto wanajifunza hatua, wazazi wanaulizana habari. Ngoma ndiyo iliyobaki kuwa kijiji.

Naomba uangalie na jambo hili la majirani kwa makini. Baada ya tetemeko la Kobe, Januari 1995, wazee wengi walipangiwa nyumba za muda kwa bahati nasibu, mbali na waliowajua. Walianza kufa peke yao vyumbani na kugunduliwa baada ya siku nyingi. Japani nzima ilishtuka, na tangu hapo kila nyumba za muda zinapojengwa watu huliogopa hilo. Huko Noto nako, waliokufa baadaye kwa uchovu, baridi na maradhi wamezidi waliokufa siku yenyewe ya tetemeko. Kwa hiyo mnapokusanya watu kwenye chumba cha mikutano, mnawapa sababu ya kubisha hodi kwa jirani: leo kuna nyimbo, twende. Asiyekuja anaulizwa. Hata kama shamiseni yako itatoka sauti mbaya siku hiyo, hilo litakuwa limefanyika.

Mtasikia pia watu wakisema si wakati wa ngoma. Mwaka 2011 nchi nzima ilijizuia, wenyewe wanaita jishuku. Sherehe zilifutwa, hata kukaa chini ya maua ya mcheri kulionekana ni kukosa adabu. Watengeneza sake wa Iwate ndio waliojitokeza kwenye intaneti kuwaomba watu wasijizuie, watazame maua na wanywe sake ya kaskazini, kwa sababu biashara zao zilikuwa zinakufa kwa huruma hiyo. Julai mikoa sita ya Tohoku, kaskazini mashariki ya Japani, ilileta sherehe zake kubwa kwa pamoja hapa Sendai: Nebuta ya Aomori, Kanto ya Akita na nyinginezo. Nilikuwepo. Watu walifurika kupita matarajio, na kabla ya ngoma ya kwanza tulinyamaza kwa ajili ya wafu. Nilisimama karibu na mama aliyeshika picha ya mumewe kifuani, ameielekeza barabarani ili naye aone.

Noto wenyewe walikwisha kulijibu swali lako. Julai 2024, miezi sita tu baada ya tetemeko, watu wa Ushitsu walifanya sherehe yao ya Abare, wakabeba zile taa ndefu za kiriko wakizizungusha kando ya moto. Na hapo Wajima kuna Gojinjo Daiko ya mtaa wa Nabune. Ngoma ni moja, wapigaji wanapokezana wakiwa wamevaa vinyago na nywele za mwani, kama wanakijiji wa karne ya 16 ambao, wanavyosimulia, waliwatisha askari wa mbabe wa vita Uesugi Kenshin hadi wakakimbia. Tetemeko liliwatawanya wapigaji, nao hawakuacha kupiga. Usiende kuwapigia ngoma watu kama hao. Nenda uwaulize.

Waulize nini? Waulize wazee wanaume kama kuna aliyefanya kazi ya kutengeneza sake. Noto imetoa mafundi wakuu wa sake, toji, kwa vizazi vingi. Walikuwa wanaondoka majira ya baridi kwenda kwenye viwanda vya mbali na kurudi masika. Katika viwanda vile waliimba wakati wa kukoroga na kuponda wali wa kuchachusha, na wimbo ndio uliokuwa saa yao: ukiisha mara kadhaa, kazi ya hatua hiyo imetosha. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa amekaa kimya chumbani mwezi mzima kwa sababu hakuna anayemuuliza kitu anachokijua. Waulize kina mama nyimbo za kusagia na za harusi. Chukua daftari, andika mistari mbele yao, wasomee, wakurekebishe.

Mambo ya utaratibu nitayasema haraka. Usijipeleke, pitieni shakyo, baraza la ustawi wa jamii la mji, ndilo linalosimamia wanaojitolea na linajua siku gani kuna msiba au kikao cha kugawa nyumba. Chakula chenu na petroli yenu mbebe wenyewe. Ombeni viti, kwa maana magoti ya wazee hayawezi mikeka. Msitumie kipaza sauti, kuta za nyumba za muda ni nyembamba na kuna mtu amelala baada ya zamu ya usiku. Msipige picha. Nyimbo za bahari ulizeni kwanza. Na msiseme "tutarudi" kama hamna tarehe, kwa sababu wataihesabu.

Obon ni wakati wa kupokea roho za waliokufa na kuzisindikiza. Ikiwa kutakuwa na ngoma ya duara, ingieni kwenye duara, msikae jukwaani. Mkimwona mtu ambaye halali wiki nzima, au anayesema heri angekufa na yeye, mwambieni mfanyakazi wa pale siku hiyohiyo. Wimbo hauwezi kubeba hilo, na wako wauguzi na washauri wa kazi hiyo.

Bibi mwenye fimbo, mkimkuta, msimwombe radhi mbele ya watu. Mpe chai. Muulize angependa kusikia nini, na kama atasema hataki kusikia chochote, kaa naye.

Shangazi, habari za kazi. Sisi ni kina mama saba wa Nagoya, tunashona. Tumesikia juu ya sashiko, ushonaji wa mkono wa Kijapani, na tungependa kuanzisha kikundi na wanawake wa nyumba za muda, washone vitambaa, sisi tuwauzie. Wengine wanasema kuwapa kazi waliofiwa ni ukatili. Una maoni gani?
*Mama Washonaji, Nagoya*

Nzuri, wanangu. Mfano mnao tayari, na ni mzuri. Otsuchi, mkoa wa Iwate, ni mji mdogo uliopoteza watu zaidi ya 1,200 mwaka 2011. Kwenye makazi ya dharura wanaume walipata kazi ya kuondoa vifusi. Wanawake, wazee hasa, hawakuwa hata na jiko la kupikia. Walikaa mikono mapajani mchana kutwa. Miezi mitatu baada ya maafa mradi wa sashiko ukaanza hapo, kwa sababu sindano, uzi na kitambaa vinatosha kwenye nafasi ya mto wa kulalia. Sashiko yenyewe ilizaliwa kwa uhitaji: kaskazini ya Japani pamba ilikuwa adimu, wakawa wanabandika vitambaa vilivyochakaa tabaka juu ya tabaka na kuvishonea kwa uzi mweupe ili vipate joto na nguvu.

Kwa hiyo ukatili haupo katika kazi. Upo katika kuchelewesha malipo. Lipeni kwa kila kipande, siku mliyosema. Na kipande kibaya mseme ni kibaya, mfundishane tena. Mtu mzima anajua anaponunuliwa kwa kuhurumiwa, na inamvunja. Wauzieni watu wanaotaka kitambaa kizuri.

Nilikaa na kikundi kama hicho, si cha Otsuchi, majira mawili ya baridi. Nilichokiona ni kwamba macho yakiwa kwenye sindano mdomo unafunguka. Wanafunzi waliojitolea Kobe mwaka 1995 waliligundua hilo kwa beseni la maji ya moto: waliwaosha wazee miguu, wakiwasugua mikono polepole, na wazee wakaanza kusema mambo ambayo hawakuwaambia madaktari. Mtu asiyetazamwa usoni husema zaidi. Basi msiwahoji. Shoneni nao, kaeni bega kwa bega.

Chagueni michoro pamoja nao. Mmoja wetu alileta vitambaa vilivyokwisha kuchapwa seigaiha, ule mchoro wa mawimbi, bila kufikiri. Mama mmoja alikigeuza kitambaa chake chini juu akakiweka mezani. Aliyekaa karibu naye, mke wa mvuvi ambaye mumewe hakuonekana hadi leo, alikichukua na kusema atashona yeye, kwa kuwa mumewe aliyapenda mawimbi. Alikishona kwa wiki tatu na hakukiuza.

Shangazi, nina shamiseni mbili kuukuu na koto moja, ala ndefu ya nyuzi inayolazwa chini, za marehemu mama mkwe wangu. Nizitume Noto?
*Msomaji, Chiba*

Pole kwa msiba. Usizitume kabla ya kuulizia. Kisiwa cha Okushiri kilipopigwa na tsunami Julai 1993, vitu vilivyotumwa na watu wema vilifika takriban tani 5,000, na mji uliokuwa unazika watu wake ukalazimika kuvitafutia ghala, kisha kuteketeza sehemu yake. Tangu hapo Wajapani huita mizigo ya namna hiyo maafa ya pili.

Ngoma nyingi za kienyeji zina chama cha kuzihifadhi, hozonkai. Ofisi ya utamaduni ya mji itakuelekeza. Kama wamepoteza vyombo wanajua wanachokosa kwa kipimo na kwa fundi, na mara nyingi fedha ya kumlipa fundi huyo huwafaa kuliko chombo cha mtu mwingine. Shamiseni zako zitazamwe ngozi kwanza. Ngozi iliyokaa kabatini miaka mingi hupasuka ikipigwa na unyevu, na kuvika ngozi mpya ni gharama ambayo hupaswi kumbebesha aliyepoteza nyumba. Koto ina urefu wa karibu mita 1.8. Chumba cha nyumba ya muda mara nyingi ni mikeka minne na nusu, na humo humo watu wanatandika godoro. Kama kuna mwalimu wa koto anayetaka kuanza kufundisha tena kwenye chumba cha mikutano, huyo ndiye wa kumtafuta, na umuulize pia ataiweka wapi usiku.